Ubaoni Hakuna Utani

Siku mtani wa mume wangu aliponiita "shemeji", nilijua tumeingiwa na msiba.

Miaka yote yule mtu ananiita "mke wangu". Ananiita hivyo mbele ya mume wangu, mbele ya mke wake, hata mbele ya imamu. Na mume wangu naye anamwita "mtumwa wangu", na hakuna anayenuna, kwa sababu sisi ni Wamatumbi, wazee wetu walishuka kutoka vilimani kule kusini, na yeye ni Mndengereko wa hapa hapa. Watani. Mgeni asiyejua utani akipita asubuhi pale Bungu, ninapouza chai na vitumbua kando ya barabara, atadhani watu wanataka kuchinjana. Kumbe ndiyo salamu.

Mume wangu kazi yake ni kupakia na kushusha. Si magunia, gunia kila mwenye mgongo anabeba. Yeye anapandisha vyombo vya moto juu ya malori: pawatila zinazokwenda kulima mpunga, bajaji zilizokufa injini, na siku hizi zaidi ni zile pikipiki za matairi manne, maana wenye mashamba huko bondeni wamegundua kwamba hazikwami topeni. Sisi tunaziita kobe. Ukiona moja imechuchumaa juu ya matairi yake manene hutauliza jina limetoka wapi.

Watu wanamdharau kobe. Wanaona ana miguu minne, basi hawezi kuanguka. Loo! Kobe ana uzito wake, na uzito wote unataka kurudi nyuma. Ukimpandisha ubaoni kwa pupa ananyanyua kichwa na kukulalia kifuani. Ukimshusha bila kushika breki anakutangulia kufika chini. Mume wangu analijua hilo, na kwa hiyo ana mambo mengi kabla ya kupakia kuliko bibi harusi. Kwanza lori lirudi nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo walioacha watu wa barabara karibu na kibanda changu, ili mwinuko uwe mdogo. Kisha dereva avute breki ya mkono, azime, ashuke, ampe ufunguo, na ufunguo unaingia mfukoni mwake. Kisha mawe chini ya matairi ya lori. Kisha mbao mbili zinalazwa kutoka ukingoni hadi kwenye lori, na ncha zake zinafungwa kwa mnyororo zisije zikateleza. Halafu anapanda juu ya kila ubao na kurukaruka, mtu mzima na ndevu zake.

"Baba watoto," namwambia, "unapakia kobe au unaoza binti?"

"Binti akirudi nyumbani tunampokea," ananijibu. "Kobe akirudi tunazikwa."

Mtani naye ana kibanda cha kuziba pancha ng'ambo ya barabara, mkabala na changu. Kobe akifika tu, anaacha tairi la watu na kuvuka kuja kumsumbua mume wangu. Mchezo wao ulikuwa mmoja, na sote tuliuzoea. Mume wangu akishakaa juu ya kobe, mtani anasimama kando ya lori na kuongoza kinyume. Njia ikiwa nyeupe anapiga kelele, "Simama! Unakufa!" Mume wangu akiwa hata hajawasha, anamwambia, "Twende, twende, mbona unatuchelewesha?" Mume wangu anamtukania ukoo wote na kupanda zake. Wateja wangu walikuwa wanakuja kunywa chai kwa ajili ya kuwasikiliza wale wawili, kwa hiyo mie sikuwa na la kulalamika.

Na usidhani yule mtani ni mtu wa kuchekesha tu. Alipofariki mama mkwe wangu, tumekaa mkekani macho yametuvimba, yeye akatokea uani kajifunga kanga ya marehemu, kashika mkongojo wa marehemu, anakwenda kwa ule mwendo wa mama wa kuburura ndala, anatukaripia. "Nani katia chumvi wali huu? Mnataka nife mara ya pili?" Mume wangu alikuwa hajatoa chozi wala neno tangu alfajiri. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kile kile kikageuka kilio, akalia vizuri kama mtu anavyotakiwa kumlilia mama yake. Tangu siku ile mie nampenda yule mtani. Sijamwambia, maana kichwa chake ni kikubwa tayari.

Sasa siku ya ajali. Masika ilikuwa imeshika, udongo umeloa, mbao zimeloa. Lililokuja halikuwa moja ya malori tuliyoyazoea. Upande wa kushoto halikuwa na mahali pa kupitisha mnyororo, pete ilikuwa imekatika. Mume wangu alilaani, akazunguka, akalaani tena, mwisho akafunga ubao ule kwa kamba ya katani. Mwenye kobe alikuwa anamhimiza kwamba mvua inarudi. Akapanda, akawasha, akaanza kwenda.

Mimi nilikuwa nimeinama nachochea moto. Nikamsikia mtani.

"Simama! Simama, ubao unatoka!"

Nikainua kichwa. Mume wangu alikuwa anacheka, niliyaona meno yake. "Simama wewe, mtumwa mkubwa!" akamjibu, na akaongeza moto.

Ubao wa kushoto ulichomoka. Kobe alilala ubavu na kuingia kwenye lile pengo kati ya ukingo na lori, na mume wangu chini yake. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi. Nilipofika, mtani alikuwa ameshaingia pengoni, ameweka bega chini ya chuma kile, mishipa ya shingo imemtoka, analia na kuita watu. Waliruka wanaume wengine, wakamnyanyua kobe. Mguu wa mume wangu ulikuwa umeangalia mahali ambapo mguu hautakiwi kuangalia.

Hospitali ya Kibiti walimfunga hogo la plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti. Mfupa umevunjika chini ya goti, wakasema, lakini utaunga, mshukuruni Mungu. Tulimshukuru. Mtani alikaa nje kwenye benchi kuanzia mchana mpaka tulipotoka, hajala, hajanawa ile grisi mikononi. Akanyanyuka, akanitazama, akasema, "Pole sana, shemeji."

Ndiyo hapo niliposikia baridi.

Majirani nao, unawajua majirani. "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha," wakasema, kila mmoja kwa zamu yake, tena kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Yule mtu ndiye aliyesema kweli siku ile! Ndiye peke yake aliyeona ubao unatoka, na ndiye aliyepiga kelele. Niliwaeleza hivyo mpaka nikachoka. Wengine niliwanyima chai.

Akawa anakuja kumtazama mgonjwa kila siku baada ya alasiri. Alipiga hodi. Mtu ambaye maisha yake yote anaingia kwangu moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, alipiga hodi, akasubiri, akavua viatu, akakaa pembeni ya mkeka kama mposaji. Alileta machungwa. Alileta maziwa. Akasema, "Mwenyezi Mungu akupe shifaa, ndugu yangu."

Ndugu yangu!

Mume wangu alijaribu. "Mtumwa wangu," akamwambia, "umekuja kuniibia nini leo?"

"Sijaja kuiba, ndugu yangu. Nimekuja kukujulia hali."

"Mbona umekonda hivyo? Mkeo amegundua una sura mbaya?"

"Alhamdulillahi, hajambo, anakusalimu."

Mtani akaaga. Alipoondoka, mume wangu akabaki akiutazama ule mlango. Kisha akaniambia maneno ambayo yalinichoma kuliko ule ukelele wa ukingoni. "Mfupa utaunga, mama watoto. Lakini mtani wangu kanifia. Huyu anayekuja hapa simjui."

Akawa halali vizuri, hali vizuri. Watu walidhani ni maumivu. Mimi nilijua anaumwa wapi, na nikakasirika, maana hasira ndiyo dawa yangu ya kila kitu. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda nyumbani kwa mtani mchana kweupe.

Alikuwa na jogoo mwekundu, mrefu wa shingo, aliyekuwa akimsifia kwa kila mpita njia. Utani una sheria zake: mtani akichukua kuku wako huwezi kumdai wala kumshitaki, unachoweza ni kumtukana mpaka koo likauke. Mie nilikwenda pale kutafuta matusi. Nikaingia uani bila salamu, nikamkimbiza yule jogoo mpaka nikamkamata kwenye banda la kuni, nikamnyanyua juu ili anione vizuri.

"Haya," nikamwambia, "nimekuja kuchukua changu. Sema!"

Alikuwa amekaa kizingitini. Akaniangalia. Mdomo ulimcheza kidogo, nikadhani sasa yanakuja.

"Mchukue, shemeji," akasema. "Ndugu yangu anahitaji supu. Subiri nimfunge miguu, asije akakusumbua njiani."

Akamfunga jogoo miguu kwa kamba, taratibu, fundo zuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilitaka kumpiga nacho kile kijogoo chake.

"Wewe una nini?" nikamwuliza. "Ulisema kweli. Ulimwambia asimame."

"Nilimwambia," akasema. "Nimemwambia simama miaka yote, na miaka yote ilikuwa uongo. Siku niliyosema kweli hakukuwa na mtu wa kuiamini. Ningekuwa mtu wa adabu, shemeji, leo angekuwa anatembea."

"Ebo! Ungekuwa mtu wa adabu tusingekuwa tunakujua!"

Akarudi kukaa kizingitini. Nikarudi nyumbani na jogoo kwapani, machozi yananitoka ya hasira, na mume wangu akaniuliza tangu mlangoni, "Katukana?"

"Kamfunga miguu."

"Basi?"

"Basi."

Sikumchinja yule jogoo. Supu ya kuku wa mtani haina ladha kama haijatanguliwa na matusi, na mimi sikutaka mume wangu ainywe akijua hivyo. Nilimfungua mguu mmoja apate kutembea, ule mwingine nikauacha na kamba yake, nikamfunga kwenye mpapai. Akawa anawika pale kila siku, anatukumbusha.

Hogo lilikatwa mvua zilipokwisha. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, tukaupaka mafuta ya nazi na kuukanda mpaka ukakumbuka kazi yake. Mume wangu akaanza kutembea na mkongojo, kwanza uani, kisha mpaka kwenye kibanda changu. Alikaa kwenye kigoda chake na kuwatazama watu wengine wakipakia vibaya. Siku moja likaja lori la Fuso, na pale ukingoni kobe anasubiri; mwenyewe alitaka apelekwe Ikwiriri kutengenezwa. Mume wangu akasimama.

"Hupandi," nikamwambia.

"Napanda."

"Ukipanda mie nafunga kibanda, naenda kwetu."

"Kwenu ni hapa," akasema, na akamwita dereva arudishe lori ukingoni.

Alifanya mambo yake yote. Breki, ufunguo mfukoni, mawe, mbao. Minyororo pande zote mbili, na siku hiyo aliivuta kila mmoja kwa uzito wake wote. Aliruka juu ya mbao kwa mguu mmoja, roho yangu ikawa mkononi. Kisha akasema, "Namtaka mtu wa kuniongoza." Walijitokeza wawili watatu. Akatikisa kichwa, akachukua mkongojo, akavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha pancha. Nikamfuata, maana simwachii mtu anayechechemea barabara ile ya mabasi.

Mtani alikuwa ameinamia tairi. Hakuinua uso. "Mwite mwingine, ndugu yangu," akasema. "Sauti yangu haifai."

"Sauti haina kosa," mume wangu akamwambia. "Kosa ni kwamba hatukuiwekea mpaka." Na hapo hapo, bila hodi wala samahani, akanivua kanga ya begani, ile nyekundu ninayoipenda. "Kanga hii naifunga kwenye bodi ya lori. Ikiwa juu, ubaoni hakuna utani. Ukisema simama, nasimama. Ukisema ruka, naruka, hata kama naona wazi kwamba wewe ni mjinga. Ikishuka, tunarudi kama tulivyokuwa."

"Na nikikosea?"

"Utanivunja wa pili, niwe sawa pande zote."

Mtani hakucheka. Lakini aliweka chini lile tairi, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akavuka barabara pamoja nasi.

Kanga ikafungwa. Watu wakajaa, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kukaa pale, hakuna aliyesema kitu. Mtani akasimama mahali ambapo aliweza kuziona mbao zote mbili na macho ya mume wangu. Akainua mkono. "Njoo," akasema. Kobe akaanza kupanda, gia ndogo, mume wangu ameinamia mbele, uzito wake kwenye usukani. "Njoo. Njoo hivyo hivyo. Kulia kidogo. Njoo."

Matairi ya mbele yakagusa lori. Ya nyuma yalikuwa bado ubaoni.

"Simama!"

Mume wangu akasimama. Palepale. Breki mkononi, macho mbele, hakugeuza hata shingo kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya maziwa, nikaitua chini. Mtani akapiga magoti, akatazama chini ya lori, akachukua nyundo yake ya matairi na kwenda kugonga jiwe lililokuwa limeanza kuteleza chini ya tairi la Fuso. Aligonga polepole, akalijaribu kwa mguu, akaligonga tena, akazunguka kulitazama na la upande wa pili. Muda wote huo mume wangu amekaa juu ya lile lichuma, nusu angani. Nikamtazama mtani usoni aliporudi kusimama. Alikuwa analia bila kujifuta.

"Twende," akasema. "Taratibu, twende."

Kobe akapanda, akafika, akazimwa. Mume wangu alimfunga mikanda pembe zote nne, akaikaza, akamtikisa kobe kwa mikono miwili mpaka lori lenyewe likatikisika na kobe hakuhama. Akamrudishia dereva ufunguo. Halafu akaifungua kanga yangu na kunitupia kutoka juu.

Kanga ilikuwa imeshuka. Watu wote tukamtazama mtani.

Alisimama pale. Alitazama chini, akatazama lori, akatazama mkongojo wa mume wangu uliokuwa umeegemezwa ukingoni. Akauchukua. Akapiga hatua moja, akaburura mguu wa kushoto. Akapiga nyingine. Akashika kiuno, akakunja uso vile vile anavyokunja mume wangu akikagua mbao, akaugonga ubao kwa mkongojo na kuusikiliza kwa sikio moja. "Huu haujaswali," akauambia. "Nendeni mkautawadhishe." Watu walianguka kwa kicheko. Akaja akichechemea hadi kibandani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha mume wangu, akaunyoosha mguu kwa mbwembwe zote za mgonjwa, akaniangalia.

"Mke wangu," akasema. "Jogoo wangu yuko wapi, mwizi mkubwa wewe?"

Nilikuwa na matusi yamejipanga tangu masika. Hata moja halikutoka. Nilijifunika ile kanga nyekundu usoni, na aliyejibu kwa niaba yangu alikuwa mume wangu, kutoka juu ya lori, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia muda mrefu.

"Tumemla, mtumwa wewe! Tena alikuwa mgumu kama wewe mwenyewe!"

Jioni ile nilikwenda kwenye mpapai, nikaikata ile kamba mguuni mwa jogoo. Alisimama kidogo, kama haamini, kisha akatimua mbio akapita uani, akapita kwa jirani, akapotelea upande wa kwao.

Asubuhi, tumemaliza kuswali alfajiri na mume wangu amerudi kujinyoosha kitandani, tukasikia kelele nje. Hakuna hodi. Mlango ulisukumwa, ndala zikaingia ndani na vumbi lake, sufuria zikaanza kufunuliwa moja moja jikoni kwangu. "Mke wangu!" sauti ikapasua nyumba. "Jogoo umemrudisha amekonda hivi, ulikuwa unamlisha nini, maneno? Na huyo mtumwa wangu bado amelala? Mguu umepona, uvivu haujapona!"

Mume wangu alinigusa bega. Alikuwa anatabasamu gizani, nilijua kwa sauti.

"Umesikia?" akasema. "Kafufuka."